Mikoko tuliyopanda kwa ngoma na fulana imekufa yote: tuongee kabla hatujapanda tena

Pwani_Mkinga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mzaliwa wa pwani ya Tanga, upande wa Mkinga, huku karibu na mpaka wa Kenya. Jambo hili nimekaa nalo moyoni muda mrefu. Leo naliweka hapa kwa sababu nasikia wageni wa kupanda mikoko wanakuja tena na mbegu zimeshaanza kuokotwa.

Mara ya kwanza walikuja miaka mitatu iliyopita. Taasisi siitaji, maana kosa halikuwa lao peke yao. Ngoma ilipigwa, fulana zikagawiwa, watoto wakatolewa darasani, bango likasimamishwa ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa hasa, tope limeachwa wazi mpaka kwenye majani ya bahari. Tukaambiwa tupande pale, kwa kuwa ni peupe na hapana mwenyewe. Kamba ikanyooshwa, tukachomeka mbegu za mkoko magondi safu baada ya safu mpaka maji yalipoanza kutufuata miguuni. Picha zikapigwa, magari yakaondoka.

Mwezi wa kwanza mbegu zilisimama, tukafurahi. Kusi ilipoanza kuvuma mawimbi yakazing'oa nyingi. Zilizobaki zikaota vile vikombe vidogo vya chokaa vinavyoganda chini ya mashua. Nilishika mche mmoja ukanichana kiganja. Ulikuwa mzito kama umefungiwa mawe, umelala ubavu kwenye tope, na majani yake mawili yamegeuka meusi. Mwaka haukuisha, hakuna hata mmoja uliokuwa hai. Bango lipo mpaka leo na idadi ya miche iliyopandwa imeandikwa kwa herufi kubwa.

Bibi yangu alituambia siku ileile, amekaa kwenye kivuli cha mkungu akisuka ukili: "Bahari inamwaga mbegu pale kila mwaka na haioti hata moja. Nyinyi mna mkono gani kuliko bahari?" Hakuna aliyemjibu. Nami nilikuwepo, nikaendelea kuchomeka.

Nataka tulizungumze hili kwa kina. Serikali, mashirika na shule, wote wanatangaza idadi ya miche iliyopandwa. Sijasikia mtu akitangaza iliyo hai baada ya miaka mitatu. Nitaendelea hapa chini.

Pwani_Mkinga

Naendelea.

Watu wengi wa bara wakisikia mkoko wanadhani ni mti mmoja. Huku kila mti una jina lake na mahali pake. Ukitokea baharini unapokewa na mlilana, wenye vipumulio vinavyochomoza kwenye tope kama pembe za mbuzi. Nyuma yake kuna magondi, wenye mizizi ya upinde inayokufanya uinamie kila hatua. Ukiingia ndani zaidi unakuta msinzi na mkandaa, ule ambao magome yake wazee walitia rangi. Karibu na nchi kavu, penye majangwa ya chumvi, anatawala mchu, na huyo mchu ana tabia ya kurudi mbele baharini pia. Mkomafi na msikundazi hupenda palipo na maji baridi ya mto.

Mpango huo unatokana na maji. Kila mti una saa zake za kuvumilia kukaa ndani ya maji. Kuna ardhi inayofunikwa kila maji yajaapo, hata maji mafu. Kuna nyingine inayofikiwa na bamvua tu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mche mchanga wa magondi ukiuweka chini mno, mahali panapofunikwa mchana na usiku, haupati pumzi wala jua la kutosha. Ndicho tulichoufanyia wetu.

Sasa kwa nini kila mradi unapanda magondi? Kwa sababu mbegu yake ni rahisi. Inachipua ikiwa bado juu ya mama yake, inaning'inia kama fimbo ya kijani yenye urefu wa mkono, na unaichomeka tu. Hata hiyo ina siri yake: angalia chini ya kofia, ikiwa imetoa shingo ya manjano basi imekomaa. Isiyo na shingo usiichume, na yenye tundu la mdudu itupe. Mlilana mbegu zake ni ndogondogo ndani ya tunda, zinataka kitalu na uvumilivu. Basi watu wanachukua mti ulio rahisi wanaupeleka mahali palipo rahisi, na hivyo viwili havikupatana kamwe.

Kinondoni_Mpya

Mkuu, nimesoma yote. Lakini unataka kusema watu wasipande? Tabianchi inabadilika, bahari inapanda, Dar tumejengewa kuta za zege kuzuia mawimbi. Si afadhali kupanda hata ikifa nusu kuliko kukaa tu?

Pwani_Mkinga

@Kinondoni_Mpya kaka, swali zuri, na ndilo linalonikosesha usingizi. Ingekufa nusu nisingeandika. Ilikufa yote. Na siku ile tulikanyaga majani ya bahari ambayo tasi walikuwa wanakula, kwa hiyo tuliharibu mahali pazima ili tupande mahali pasipofaa.

Nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Nyuma ya kijiji kuna shamba la chumvi lililoachwa. Wakati wa babu palikuwa mikoko mitupu. Ikakatwa, sehemu ikaenda kwenye matanuri ya chokaa, kisha likajengwa tuta la udongo kuzuia maji ili chumvi igande. Mwenye shamba alipoliacha, pakabaki peupe miaka mingi, udongo umepasuka kama kigae. Watu wakasema hapo pamekufa.

Halafu bamvua moja ya kaskazi ilikuja na upepo, ikatoboa tuta sehemu mbili. Hakuna aliyekwenda kuliziba. Maji yakawa yanaingia na kutoka yapendavyo. Mwaka wa pili niliona mbegu za mchu, zile zinazofanana na haragwe lililobanwa, zimejikusanya pembezoni mwa mfereji zikiwa na majani. Ukafuata mkandaa. Leo nikisimama ndani ya lile shamba miti inanifika kifuani, na watoto wanatega kaa humo. Hakuna fulana wala bango, na hapakupandwa hata mbegu moja.

Kwa hiyo siwaambii watu wakae. Nasema waulize kwanza kwa nini mkoko haupo mahali hapo. Kama maji yamezibwa, fungua maji. Kama watu wanakata, kaa na wanaokata. Kama miti mama iko mbali na mbegu hazifiki, hapo ndipo mkono wa mtu unahitajika, na upande aina inayokaa hapo.

Mama_Chaza

Mwanangu Pwani_Mkinga, Mungu akuzidishie. Mimi niko Pemba. Huku tunajua maji ya chumvi yakiingia shambani maana yake nini, waulize watu wa Kisiwa Panza waliopoteza mashamba ya mpunga. Sisi kinamama ndio tunaoingia topeni kila siku, lakini siku ya kupanda tunaitwa kubeba miche tu, si kuulizwa pa kuipanda. Hilo bibi yako kalisema, na sisi tunalisema kila siku.

Delta_Kaskazini

Nami niko Rufiji, delta ya kaskazini. Naomba mnisikilize kabla hamjanihukumu, maana kwenye mijadala hii sisi ndio wahalifu.

Delta yetu ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, hakuna penye mikoko mingi kwa pamoja kama hapa katika pwani ya Afrika Mashariki. Miongo kadhaa iliyopita mto ulibadili njia, maji mengi yakamiminikia kaskazini. Palipokuwa na chumvi pakawa na maji baridi, na mpunga ukakubali. Watu wakafyeka mikoko, wakapanda mpunga. Unalima miaka michache, kisha magugu na kaa wanakushinda, unasogea mbele na kufyeka tena. Naijua hasara yake. Lakini mama mwenye watoto watano hawezi kula vipumulio vya mlilana.

Maofisa wa misitu walipokuja walikuta mpunga uko shambani. Mashamba yakawa magomvi na miche iliyopandwa katikati ya mpunga iling'olewa usiku. Mnategemea nini kwa mti uliopandwa juu ya chakula cha mtu?

Jambo jingine ambalo sijaliona likizungumzwa vya kutosha ni tope. Delta inajengwa na tope la mto. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Umeme tunauhitaji, silipingi. Lakini tope linalotuama bwawani halifiki huku, na bahari inapanda. Mkoko unaweza kupanda sambamba na bahari ukiwa na tope la kujijengea chini ya mizizi. Usipolipata unabaki palepale na maji yanaufuata shingoni.

Pwani_Mkinga

@Delta_Kaskazini ndugu yangu, asante sana, na hapa hakuna wa kukuhukumu. Watu wa delta ndio haohao waliosimama miaka ya 1990 kupinga mradi wa kufuga kamba uliotaka eneo la hekta 10,000. Mradi ule haukujengwa. Mikoko ile ingekuwa mabwawa ya kamba leo. Mtu aliyeulinda msitu dhidi ya tajiri hawezi kuitwa adui wa msitu kwa sababu ya jaruba la mpunga.

Kuhusu tope naongeza jambo moja. Mkoko ukifuatwa na bahari una njia mbili: kujiinua juu ya tope, au kurudi nyuma kuelekea nchi kavu, mbegu kwa mbegu. Sasa nenda katazame nyuma ya mikoko yetu. Kuna tuta la chumvi, kuna ukuta wa hoteli, kuna viwanja vimewekwa vigingi. Mbele bahari, nyuma ukuta. Kijiji kikitaka kuisaidia mikoko ya miaka hamsini ijayo, kiache leo ukanda mtupu nyuma yake. Ukanda huo hauvutii kamera, lakini nauona una thamani kuliko miche laki moja.

Na tope likizidi nalo ni balaa. Kwenye hori la Mwache, Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka mashambani, ukafunika vipumulio, na mikoko ikafa imesimama. Kwa hiyo mkulima wa mlimani asiyezuia udongo wake naye anahusika na mkoko asioujua.

Mlamu_Halisi

Hodi humu. Mimi natoka Lamu, ambako kuna zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Nataka kusema habari ya kukata, kwa sababu sisi tumekata kwa mamia ya miaka na msitu bado upo.

Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni vyembamba na virefu. Wageni hushangaa. Upana wa chumba ni urefu wa boriti, basi, dari haiwezi kuvuka zaidi ya mti unavyofika. Majahazi yalikuwa yakingoja kusi yakibeba boriti kwenda Oman, Yemen na Ghuba, na huko nako vyumba vilipimwa kwa miti yetu. Mkataji wa zamani alijua pau, fito, boriti na nguzo kwa kupima shina kwa vidole. Alichagua, hakufyeka.

Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti nje. Februari 2018 likaja katazo la kukata miti nchi nzima, likatukumba na sisi. Familia zilizoishi kwa boriti zikakaa na njaa mpaka lilipolegezwa kwa Lamu mwaka 2019. Ninachotaka watunga sheria wakijue ni hiki: mkataji akifukuzwa msituni, msitu unapoteza mlinzi wake. Usiku wanaingia wasiojua pau na boriti, wanakata chochote.

Hesabu_Kwanza

Wadau, naona mnakwepa jambo kubwa. Siku hizi kila mtu anasema mikoko ni pesa ya kaboni. Si ndiyo ile wenye viwanda wanaendelea kutoa moshi kwao, halafu wanatulipa kidogo tusiguse miti yetu wenyewe? Nani anafaidika hapo?

Gazi_Mzawa

@Hesabu_Kwanza swali lako ni la haki, na mimi naishi ndani ya mradi wa namna hiyo, kwa hiyo nitajibu ninayoyajua.

Hapa ni Gazi, Kwale. Mikoko yetu ilifyekwa vibaya miaka ya 1970, ikawa kuni za viwandani. Watafiti wa taasisi ya bahari ya Kenya, KMFRI, walianza kupanda pamoja na wanakijiji mwanzoni mwa miaka ya 1990, na walikosea mara nyingi kabla ya kupatia. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013, wa vijiji viwili, Gazi na Makongeni, hekta 117 tu. Unauza kaboni iliyo sawa na takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Mradi wa pili ni wa wenzetu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, ambao walifuata mwaka 2019 na hekta 460.

Pesa si nyingi kama watu wanavyodhani. Lakini matumizi yake yanaamuliwa kwenye baraza, mbele ya watu, na kila mtu anauliza. Maji ya bomba yamefika, vitabu vya shule vimenunuliwa. Kinamama wana njia yao ya mbao ndani ya mikoko, wageni wanalipa kupita. Na kabla ya kumwambia mtu asikate, ilipandwa mivinje ili apate mti wa kujengea. Hilo la mivinje msilipuuze. Bila huo mbadala nisingekuwa na cha kumwambia jirani yangu anayejenga.

Sehemu kubwa ya kaboni iko chini, kwenye tope jeusi linalonuka kama yai viza. Majani na mizizi inazikwa humo bila hewa, haiozi upesi, inakaa karne na karne. Ukikata miti na tope likakauka, ile akiba inaanza kurudi hewani. Kwa hiyo kulinda msitu mkongwe kuna faida kuliko kupanda mpya.

Kuhusu anayechafua kwao: ni kweli, asiponyamazisha moshi wake, hekta zetu 117 haziwezi kumfutia. Tunamwambia hivyo kila tukipata nafasi. Lakini maji ya bomba sitayarudisha.

Hesabu_Kwanza

Nimekuelewa, Gazi_Mzawa. La maamuzi kufanyika barazani limenigusa. Je, kwa Tanzania inawezekana?

Pwani_Mkinga

Hapa ndipo penye fundo. Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika kule Katavi vimekuwa vikipokea pesa za kaboni, vimejenga zahanati na madarasa. Wanazipokea kwa sababu msitu ni wa kijiji, uko kwenye ardhi ya kijiji.

Mikoko yetu si ya kijiji. Ni hifadhi ya serikali kuu, iko chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu usimamizi wa pamoja, yaani kijiji na serikali waandikiane mkataba. Lakini ukifika kwenye mgawo wa faida ndipo mazungumzo yanapopoa. Tunaambiwa tulinde, tukamate, tupande. Tukiuliza sehemu yetu tunaambiwa tusubiri.

Naamini kwa dhati kwamba hili likitatuliwa, habari ya miche itajitatua yenyewe. Kijiji chenye haki katika msitu wake hakihitaji kubembelezwa kwa fulana. Kitamkataza mtu kuchomeka mbegu kwenye majani ya bahari, kwa sababu kitakuwa kinahesabu hasara yake.

Kinondoni_Mpya

Mkuu, nimejifunza mengi, nakiri. Sasa hao wageni wanaokuja tena mtawaambia nini?

Pwani_Mkinga

Narudi na habari. Juzi tulikaa kikao cha kamati ya mazingira pamoja na BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe. Bibi aliletwa, akakalishwa mbele, akaeleza bahari ya ujana wake: mkizi walikuwa wakiingia wapi na mlilana uliishia wapi. Mwenyekiti aliandika kila kitu.

Tumekubaliana mambo matatu na wageni tumewatumia kwa maandishi. Upande wa bahari hatupandi. Pesa waliyotenga kwa miche tumeomba iende kwenye kufungua tuta la shamba la pili la chumvi. Mwenyewe amekubali, na tumeshamwandikia TFS kuomba kibali, kwa sababu hatutaki kufungua kitu kinyume cha sheria. Na mtu yeyote atakayetaka kuweka bango, aliweke baada ya miaka mitatu, na liandikwe miti iliyo hai.

Mpaka sasa wamejibu kwamba wanafikiria. Mmoja wao alinipigia simu pembeni akaniuliza bila miche watapiga picha ya nini. Nikamwambia apige ya maji yanavyoingia.

Mama_Chaza

Mwanangu, kibali kikitoka utuambie. Nina ndugu Tanga, nitavuka na kinamama wawili watatu. Tuje na majembe?

Pwani_Mkinga

Karibuni sana mama yangu. Majembe yaacheni, tope letu linayang'ang'ania. Njooni na makoleo mafupi na viatu vya kufunga, kuna magamba ya chaza. Tutachimba siku mbili kabla ya bamvua, tarehe kumi na mbili na kumi na tatu za mwezi mwandamo, tuanzie kule ambako mkondo wa zamani ulipita. Bibi anapakumbuka mahali hapo, amesema atakuja kutuonyesha mwenyewe.